Louis Leakey: Mwana wa Kabete aliyeutafuta umri wa binadamu katika miamba ya Olduvai

Katika Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, ardhi imekatwa na maji ya kale hata tabaka zake zikaonekana moja juu ya nyingine. Chini kabisa kuna mwamba mweusi wa lava. Juu ya lava hiyo kuna majivu ya volkano, tope la ziwa lililokauka zamani na mchanga mwekundu. Mgeni apitaye hapo aweza kuiona lava hiyo kuwa jiwe tu kama mawe mengine. Hata hivyo, mwamba huo ndio uliolifanya jina la Olduvai litajwe leo na wanajiolojia wanaochunguza miamba ya Iceland, ya Italia na ya sakafu ya bahari, wengi wao wakiwa hawajapata kufika Afrika Mashariki.

Sababu ni kwamba lava hiyo imehifadhi kumbukumbu ya mwelekeo wa sumaku ya dunia wakati ilipopoa. Na mtu aliyelitoa korongo hilo gizani na kuliweka mbele ya macho ya ulimwengu ni Louis Seymour Bazett Leakey, mzaliwa wa Kenya aliyefariki dunia tarehe 1 Oktoba 1972. Maisha yake yote yalizunguka swali moja lililo rahisi kuulizwa na gumu kujibiwa: jiwe hili, na mfupa huu uliomo ndani yake, una umri gani?

Utoto wa Kabete

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika kituo cha wamisionari wa Kianglikana cha Kabete, karibu na Nairobi. Baba yake, Harry Leakey, na mama yake, Mary, walikuwa wametumwa na Jumuiya ya Misioni ya Kanisa la Uingereza. Mtoto huyo alikua miongoni mwa watoto wa Kikuyu, akazungumza lugha yao kama yake, akaingizwa katika rika lao na kupewa jina la Wakaruigi. Baadaye alikuwa akisema kwamba hata katika ndoto zake aliota kwa Kikikuyu.

Akiwa kijana mdogo alisoma kitabu cha watoto kuhusu watu wa Enzi ya Mawe huko Ulaya. Alipoanza kutazama njia na mitaro ya Kabete, aliona vipande vyeusi vya mawe yanayong'aa kama kioo, vyenye makali. Alimpelekea Arthur Loveridge, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Nairobi, naye akathibitisha kwamba baadhi ya vipande hivyo vilikuwa zana zilizochongwa na mikono ya watu. Tangu siku hiyo kijana huyo alishika imani kwamba historia ya kale ya binadamu ilikuwa imelala chini ya udongo wa Afrika Mashariki. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliitafuta asili ya mwanadamu katika bara la Asia.

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka uliofuata aliumia kichwa katika mchezo wa raga, akalazimika kuacha masomo kwa muda. Ajali hiyo ilimfungulia mlango asioutarajia: alijiunga na msafara uliotumwa na Makumbusho ya Uingereza kwenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, kuchimba mifupa ya dinosaria. Humo ndimo alimojifunza kazi ya kuutoa mfupa mwambani bila kuuvunja. Alirudi Cambridge na kuhitimu mwaka 1926 kwa daraja la juu kabisa, kisha akaanza kuongoza misafara yake mwenyewe nchini Kenya.

Makosa mawili kuhusu wakati

Mwaka 1931 Leakey alifika Olduvai kwa mara ya kwanza. Alifuatana na Hans Reck, mwanajiolojia Mjerumani aliyekuwa amechimba hapo mwaka 1913, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kuipata mifupa ya mtu mzima. Reck hakuwa ameona zana za mawe. Leakey aliweka naye dau la pauni 10 kwamba angezipata kabla ya saa 24 kupita, na akashinda.

Kuhusu ile mifupa, hata hivyo, bahati haikumwendea vizuri. Baada ya kuitazama ardhi, Leakey alikubaliana na Reck kwamba mtu huyo alikuwa wa zamani sawasawa na tabaka alimokutwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha vingine. Mtu huyo alikuwa amezikwa. Kaburi lake lilichimbwa kutoka juu na kuingia katika tabaka la zamani zaidi. Leakey alilazimika kuukana msimamo wake hadharani.

Kosa la pili lilikuwa chungu zaidi. Mwaka 1932 alipata kipande cha taya huko Kanam, na vipande vya mafuvu huko Kanjera, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya. Alitangaza kwamba vilikuwa mabaki ya kale mno ya binadamu wa kweli. Mwaka 1935 mwanajiolojia wa Uingereza, Percy Boswell, alisafiri hadi huko ili ajionee mahali penyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha kwa uhakika. Vyuma alivyosimika kuwa alama vilikuwa vimeng'olewa, na picha moja iliyotumiwa kuwa ushahidi ilikuwa ya mahali pengine. Boswell alirudi London na kuandika ripoti kali katika jarida la Nature.

Pigo hilo lilikuja wakati maisha yake ya nyumbani nayo yakiwa katika msukosuko. Alikuwa ameachana na mke wake wa kwanza, Frida, na mwaka 1936 akamwoa Mary Nicol, mchoraji na mwanaakiolojia. Milango ya Cambridge ilifungwa. Leakey aliondoka na funzo ambalo lilimgharimu sifa yake: mfupa usio na tarehe hauna maana, na tarehe isiyo na ushahidi wa mwamba haina miguu ya kusimamia.

Miaka ya jasho na ya siasa

Kati ya mwaka 1937 na 1939 alikusanya habari za mila na desturi za Wakikuyu, kazi kubwa iliyochapishwa mwaka 1977, miaka mitano baada ya kifo chake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya upelelezi kwa serikali ya kikoloni, huku akilihudumia Jumba la Makumbusho la Coryndon mjini Nairobi. Mwaka 1947 aliandaa mjini humo mkutano wa kwanza wa bara zima la Afrika juu ya historia ya kale. Mwaka uliofuata, katika kisiwa cha Rusinga ndani ya Ziwa Victoria, Mary alilipata fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale.

Hakuna anayeweza kuisimulia habari yake bila kugusa miaka ya Mau Mau. Mtu aliyelelewa pamoja na Wakikuyu aliisaidia serikali dhidi ya wapiganaji wao, na aliteuliwa kuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria, mpaka mawakili wa utetezi walipopinga uadilifu wa tafsiri zake naye akajitoa. Kwa wengi wa rika lake jambo hilo halikusahaulika upesi. Hata hivyo, kazini aliendelea kuwategemea mafundi Waafrika, wakiongozwa na Heselon Mukiri, ambaye alikuwa pamoja naye tangu misafara ya mwanzo na ambaye jicho lake liliheshimiwa na wote waliochimba naye.

Fuvu la mwaka 1959

Kwa miaka karibu 30 Olduvai ilikuwa imetoa zana za mawe na mifupa ya wanyama, lakini si fuvu la aliyezitengeneza zana hizo. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 Leakey alikuwa amelala kambini kwa homa. Mary alitoka peke yake na mbwa wake, akaona mfupa uliochomoza kwenye mteremko, na ndani yake meno mawili makubwa. Alirudi kambini mbio kumwita mumewe.

Fuvu hilo waliliita Zinjanthropus boisei. Sehemu ya kwanza ya jina ilitokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani ya Afrika Mashariki. Ya pili ilikuwa heshima kwa Charles Boise, aliyewasaidia kwa fedha. Mwezi uliofuata walilibeba hadi Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na kulionyesha mbele ya wataalamu waliokutana huko. Leo fuvu hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam.

Leakey alikisia kwamba lilikuwa na umri wa miaka 600,000 hivi. Hakuwa na njia ya kujua zaidi. Kwa kizazi chake umri wa miamba ulipimwa kwa kulinganisha aina za wanyama na kwa kukadiria muda ambao tope huchukua kujikusanya.

Saa iliyomo ndani ya majivu

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Garniss Curtis na Jack Evernden walikuwa wakiinoa njia mpya. Potasiamu iliyomo katika majivu ya volkano ina sehemu ndogo yenye mnururisho, ambayo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Volkano inapolipuka, joto huifukuza gesi ya awali. Kuanzia hapo agoni huanza kujikusanya upya ndani ya chembe, kidogo kidogo, kwa kasi inayojulikana. Anayepima kiasi cha agoni huijua miaka iliyopita tangu mlipuko.

Mwaka 1961 Leakey, Evernden na Curtis walitangaza matokeo yao: majivu ya tabaka la Zinjanthropus yalikuwa na umri wa takribani miaka milioni 1.75. Umri wa jamaa ya binadamu ulikuwa umeongezeka karibu mara tatu ya makisio ya Leakey mwenyewe.

Upinzani haukuchelewa. Wachunguzi wa Ujerumani walipima lava iliyo chini ya majivu hayo na kupata umri wa miaka milioni 1.3 tu. Jambo hilo halikuweza kuwa kweli pamoja na lile la kwanza, kwa kuwa tabaka la chini hutangulia la juu. Moja ya vipimo hivyo lilikuwa na kasoro. Kwa mtu aliyepata fedheha ya Kanam, hili halikuwa suala dogo. Kama tarehe ya Olduvai ingeanguka, wengi wangesema kwamba Leakey ameteleza tena palepale.

Ushahidi wa sumaku

Katika hali hiyo ndipo ilipoingia elimu nyingine, iliyoanzia mbali na Afrika. Mwaka 1906 Mfaransa Bernard Brunhes alieleza jinsi alivyokuta, katika milima ya kati ya Ufaransa, lava pamoja na udongo uliochomwa na lava hiyo ambavyo sumaku yake ilielekea kinyume na ya leo. Mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani, baada ya kupima miamba ya volkano ya Japani na nchi zilizo karibu nayo, alitoa hoja kwamba huko nyuma sumaku ya dunia yenyewe ilikuwa imegeuka. Wengi hawakumsadiki.

Maelezo yake ni haya. Umbali wa kilomita 2,900 hivi chini ya miguu yetu kuna bahari ya chuma kilichoyeyuka. Mwendo wa chuma hicho huzalisha umeme, nao umeme huzalisha sumaku inayoielekeza dira. Mwendo huo hauko shwari daima. Mara kwa mara, bila ratiba maalumu, sumaku hudhoofika na kisha hujijenga upya ikiwa imepinduka, hata dira ambayo ingeelekea kaskazini ingeelekea kusini. Lava inapopoa na joto lake kushuka chini ya nyuzi 580 hivi za Selsiasi, chembe za madini ya chuma zilizomo hushika mwelekeo wa sumaku ya wakati huo na kubaki nao. Kila mwamba wa namna hiyo ni dira iliyosimama.

Lakini dira hiyo haisemi mwaka. Ina maneno mawili tu: kama leo, au kinyume cha leo. Ili ijulikane mageuko yalitokea lini, ni lazima mwamba huohuo upimwe pia kwa saa ya potasiamu na agoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 makundi mawili, moja la Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple huko California, na jingine huko Australia, yalikuwa yakishindana kuunganisha vipimo hivyo viwili na kuandika kalenda ya sumaku ya dunia.

Mwanajiolojia Richard Hay alianza kazi Olduvai mwaka 1962. Mwaka 1963 yeye na Sherman Grommé walichapisha matokeo ya vipimo vya sumaku ya ile lava nyeusi ya chini. Ilikuwa imeelekea kama leo. Jambo hilo lilishangaza, kwani miamba mingi ya umri wa karibu miaka milioni 2 kutoka sehemu nyingine za dunia ilikuwa imeelekea kinyume. Ama tarehe ya Olduvai ilikuwa na kosa, ama kalenda ilikuwa na pengo.

Ilikuwa kalenda. Mwaka 1964 Cox na wenzake walionyesha kwamba ndani ya kipindi kirefu cha sumaku iliyopinduka kulikuwa na kipindi kifupi ambacho sumaku ilirudi kama ya leo. Kipindi kile kirefu kilipewa jina la Matuyama, kile tunachoishi sasa jina la Brunhes, na kile kifupi kikaitwa Olduvai. Kwa hesabu za sasa kilidumu tangu miaka milioni 1.95 hivi iliyopita hadi milioni 1.78 hivi. Vipimo vipya vya lava na majivu vilikubaliana na tarehe ya Curtis na Evernden, na Zinjanthropus akabaki mahali pake.

Faida ilikuwa kubwa kuliko Olduvai. Sumaku hugeuka duniani kote kwa pamoja, kwa hiyo alama ya Olduvai ilitafutwa na kupatikana katika tope la sakafu ya bahari na katika milia ya miamba inayozaliwa kwenye migongo ya bahari. Kalenda hiyo ilikuwa miongoni mwa ushahidi uliowafanya wanajiolojia wakubali kwamba mabara husogea. Huko Vrica, kusini mwa Italia, mpaka mmoja rasmi wa nyakati za dunia unatambulika kwa kukaribiana kwake na mwisho wa kipindi cha Olduvai.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1964 Leakey, pamoja na Phillip Tobias na John Napier, alimtangaza Homo habilis, ambaye mabaki yake yalitoka katika tabaka zilezile za Olduvai. Alisafiri sana kutafuta fedha, afya yake ikizidi kudhoofika. Ni yeye aliyemtuma Jane Goodall kwenda Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, na aliyempa Dian Fossey nafasi ya kuwachunguza sokwe wa milimani, kwanza nchini Kongo na kisha, tangu mwaka 1967, nchini Rwanda.

Siku chache kabla ya kifo chake, mwanawe Richard alimwonyesha mjini Nairobi fuvu lililopatikana mashariki mwa Ziwa Turkana, ambalo kipande chake cha kwanza kilionwa na Bernard Ngeneo. Kwa tarehe za wakati huo fuvu hilo, lenye namba 1470, lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 2.6. Baba aliliona kuwa uthibitisho wa imani ya maisha yake, kwamba binadamu wa kweli ni wa kale sana. Aliondoka kwenda London, akafariki huko kwa maradhi ya moyo akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Hakuishi kuona kilichofuata. Majivu yaliyotumiwa kulipima fuvu hilo yalikuwa yamechanganyika na chembe za zamani zaidi. Vipimo vya sumaku vya mwaka 1974 navyo vilisomwa kwa namna iliyokubaliana na tarehe ile ya kwanza, kwa kuwa dira yenye maneno mawili tu huweza kulinganishwa na ukurasa usio wake iwapo tabaka fulani zimekosekana. Visukuku vya nguruwe ndivyo vilivyotia shaka kwanza: nguruwe wa Turkana walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, waliokuwa wa miaka milioni 2 hivi. Kufikia mwaka 1980, baada ya mabishano makali, vipimo vipya viliyapa majivu hayo umri wa miaka milioni 1.9 hivi, na sumaku iliposomwa upya ikapatana navyo.

Hivyo funzo la Kanam lilirudi katika kizazi cha pili, lakini safari hii likiwa na tiba yake. Hakuna kipimo kimoja kinachojitosheleza. Saa ya agoni, dira ya lava na meno ya nguruwe husahihishana. Leakey alianza kazi wakati ambapo umri wa mfupa ulitegemea neno la aliyeuokota. Alipofariki, mtu yeyote mwenye shaka aliweza kwenda Olduvai, kukata kipande cha lava ile nyeusi na kuipima upya mwenyewe.